Hoja ya SQL ikichelewa, hesabu kwanza kinachosomwa

Ushauri kuhusu kasi ya hoja za SQL, yaani maswali yanayoulizwa kwa hifadhidata, mara nyingi hutolewa kama orodha ya miiko: usiandike `SELECT *`, usiweke hoja ndani ya hoja, tengeneza faharasa (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) kwa kila safu iliyo kwenye `WHERE`. Mingine ni sahihi, mingine ilikuwa sahihi kwenye matoleo ya zamani, na huo wa mwisho haujawahi kuwa sahihi. Kipimo cha maana ni kimoja: injini, yaani programu ya hifadhidata, imesoma data kiasi gani ili ikupe majibu uliyoomba? Ukiomba mistari 20 na injini ikapitia milioni sita, una tatizo, hata kama leo majibu yanarudi kwa nusu sekunde kwa sababu jedwali lote limeenea kwenye kumbukumbu ya seva. Siku litakapozidi kumbukumbu, hoja ileile itaanza kuchukua dakika.

Kitu kingine cha kukumbuka ni kwamba injini haichoti mstari mmojammoja kutoka diski. Huchota kurasa: 8 kB kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na 16 kB kwenye InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, kama hazijabadilishwa. Mifano hapa chini ni ya PostgreSQL, na MySQL itatajwa pale inapoachana nayo.

Chagua hoja inayostahili jasho lako

Kabla ya kurekebisha chochote, jua ni hoja ipi inakula muda wa seva. Kwenye PostgreSQL kuna kiendelezi cha `pg_stat_statements`. Kiongeze kwenye `shared_preload_libraries`, washa upya seva, kisha endesha `CREATE EXTENSION pg_stat_statements`. Baada ya siku moja au mbili za kazi ya kawaida, uliza hivi:

```sql
SELECT calls, mean_exec_time, total_exec_time, query
FROM pg_stat_statements
ORDER BY total_exec_time DESC
LIMIT 15;
```

Panga kwa jumla ya muda, si kwa wastani. Hoja ya milisekunde 4 inayoitwa mara 900,000 kwa siku inatumia sekunde 3,600, yaani saa nzima. Ripoti ya sekunde 40 inayoendeshwa mara moja usiku ndiyo inayopigiwa kelele, lakini ile ndogo ndiyo inayoichosha seva.

MySQL ina logi ya hoja za polepole, ila `long_query_time` huja ikiwa sekunde 10, kiwango ambacho hakinasi karibu chochote kwenye mfumo wa kawaida. Ishushe hadi 1 au 0.5. Hata hivyo hoja fupi zinazoitwa mno zitapita chini ya wavu huo. Kwa hizo tazama `sys.statement_analysis`.

Soma mpango wa utekelezaji

`EXPLAIN` huonyesha mpango, yaani hatua ambazo injini itapitia. Peke yake inaonyesha makadirio tu, haiendeshi hoja. `EXPLAIN ANALYZE` inaiendesha kweli, na hapa watu huumia: ukiiweka mbele ya `DELETE`, mistari inafutwa. Kwa hoja zinazobadilisha data, anza na `BEGIN` na umalize na `ROLLBACK` ili mabadiliko yatenguliwe. MySQL ina `EXPLAIN ANALYZE` kuanzia toleo la 8.0.18.

Tuchukue mfano. Jedwali la `oda` lina mistari milioni 6, na ukurasa wa mteja unataka oda zake 20 za karibuni zilizolipwa:

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT id, jumla, iliundwa
FROM oda
WHERE mteja_id = 4127
  AND hali = 'imelipwa'
ORDER BY iliundwa DESC
LIMIT 20;
```

Bila faharasa yoyote ya kusaidia, mpango unafanana na huu (usomaji sambamba umezimwa ili usiwe mrefu, na makadirio yameondolewa):

```
Limit (actual time=912.410..912.431 rows=20 loops=1)
  Buffers: shared hit=1180 read=60320
  -> Sort (actual time=912.408..912.420 rows=20 loops=1)
       Sort Key: iliundwa DESC
       Sort Method: top-N heapsort  Memory: 27kB
       -> Seq Scan on oda (actual time=3.1..911.8 rows=340 loops=1)
            Filter: mteja_id = 4127 AND hali = 'imelipwa'
            Rows Removed by Filter: 5999660
```

Mpango husomwa kutoka ndani kwenda nje, yaani mstari uliosogea zaidi kulia ndio unaoanza kazi. Hapa `Seq Scan` imepitia jedwali lote, ikatupa mistari 5,999,660 na kubaki na 340. Kisha hiyo 340 imepangwa na 20 za kwanza zikachukuliwa. `Buffers` inasema kurasa 1,180 zilikuwamo kwenye kache ya PostgreSQL (kumbukumbu yake ya haraka) na 60,320 zililetwa kutoka nje yake. Jumla ni kurasa 61,500, karibu MB 480, kwa majibu ambayo hayafiki hata kB 2. Muda wa milisekunde 912 unaweza kushuka ukirudia hoja, kwa kuwa sasa data tayari iko kwenye kumbukumbu. Idadi ya kurasa haishuki. Ndiyo maana inafaa kuangalia `BUFFERS` kuliko kukodolea saa. Kuanzia PostgreSQL 18 hata huhitaji kuiomba, `ANALYZE` huileta yenyewe.

Mambo mawili huwapotosha wengi kwenye mpango. La kwanza ni `loops`. Ukiona `rows=3 loops=50000`, hiyo 3 ni wastani wa kila mzunguko, na muda ulioandikwa nao ni wa mzunguko mmoja. Zidisha mwenyewe: ni mistari 150,000. La pili ni pengo kati ya makadirio na hali halisi. Kipangaji, yaani sehemu ya injini inayochagua njia ya kutekeleza hoja, kikidhani kitapata mstari 1 kikapata 80,000, kitakuwa kimechagua njia ya kuunganisha majedwali inayofaa mstari mmoja, kwa kawaida `Nested Loop`, na kazi yote iliyofuata imejengwa juu ya kosa hilo. Tafuta mahali pa kwanza, kutoka ndani, ambapo namba hizo mbili zinaachana. Tatizo liko hapo, hata kama muda mwingi unaonekana kwenda kwingine.

Mpangilio wa safu ndani ya faharasa

Kwa hoja ile, faharasa inayofaa ni hii:

```sql
CREATE INDEX oda_mteja_hali_iliundwa
ON oda (mteja_id, hali, iliundwa DESC);
```

Faharasa ya mti wa B ni orodha iliyopangwa: kwanza kwa `mteja_id`, ndani ya kila mteja kwa `hali`, na ndani ya kila hali kwa tarehe. Injini inashuka kwenye mti hadi mahali penye (4127, 'imelipwa'), inachukua vipengee 20 vinavyofuatana, na inasimama. Hakuna kupanga tena, hakuna kutupa. Itagusa kurasa chache za mti na zisizozidi 20 za jedwali: kutoka kurasa 61,500 hadi 24 au karibu na hapo.

Kanuni ni safu za usawa (`=`) kwanza, halafu safu ya masafa au ya kupanga. Tazama kinachotokea ukiivunja.

Ukiweka `(mteja_id)` pekee, injini itasoma oda zote za mteja huyo, itachuja hali, kisha itapanga. Kwa mteja mwenye oda 400 hutahisi chochote. Kwa wakala mwenye oda 200,000, ukurasa wake utakuwa mzito kila akiufungua, na kwenye kompyuta yako ya majaribio hutauona uzito huo kamwe.

Ukiweka `(mteja_id, iliundwa, hali)`, mfuatano wa tarehe unabaki sawa, lakini injini inapita oda zote mpya za mteja, zikiwamo zilizoghairiwa na zinazosubiri, hadi ipate 20 zilizolipwa. Kama nyingi zimelipwa, si mbaya. Kama chache tu zimelipwa, unarudi kulekule.

Mbaya kuliko zote ni kuwa na faharasa ya `(iliundwa)` peke yake pamoja na `LIMIT`. Kipangaji hufikiri: nikianza na oda mpya kabisa nikirudi nyuma, nitakutana na 20 za mteja huyu baada ya muda mfupi. Hesabu hiyo inachukulia kuwa oda za mteja zimesambaa sawasawa katika tarehe zote. Mteja aliyeacha kununua miaka mitatu iliyopita anailazimisha injini kutembea miaka mitatu ya faharasa kabla ya kukutana na oda yake ya kwanza. Ukisikia hoja ni ya haraka kwa wateja wote isipokuwa wachache, au kwamba kuondoa `LIMIT` kumeiharakisha, shuku hili kabla ya lingine.

Faharasa ya safu tatu inahudumia pia hoja za `mteja_id` pekee na za `mteja_id` na `hali`. Kwa hiyo faharasa ya `(mteja_id)` iliyokuwapo awali haina kazi tena, iondoe. Hoja za `hali` pekee ni jambo jingine: hazitaji safu ya mbele ya faharasa. PostgreSQL 18 inaweza wakati mwingine kuruka safu ya mbele, lakini inalipa pale tu safu hiyo ina thamani chache tofauti, na `mteja_id` si hivyo.

Kama unatafuta hali moja adimu tu, tengeneza faharasa ya sehemu:

```sql
CREATE INDEX oda_zinazosubiri ON oda (iliundwa)
WHERE hali = 'inasubiri';
```

Kati ya mistari milioni 6, huenda inayosubiri ni elfu chache. Faharasa itakuwa ndogo kiasi cha kukaa yote kwenye kumbukumbu. MySQL haina aina hii.

Faharasa ipo, injini inaipita

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kuifunika safu kwa funksheni:

```sql
-- faharasa ya iliundwa haisaidii
WHERE DATE(iliundwa) = '2024-03-15'

-- inasaidia
WHERE iliundwa >= '2024-03-15'
  AND iliundwa <  '2024-03-16'
```

Faharasa imepangwa kwa `iliundwa`, si kwa matokeo ya `DATE(iliundwa)`. Tumia mwanzo uliojumuishwa na mwisho usiojumuishwa kila mara. `BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'` kwenye safu yenye saa inaacha karibu siku nzima ya tarehe 31, kwa sababu mpaka wa juu unasomwa kama usiku wa manane unaoanza siku hiyo. Hilo si suala la kasi tena, ni ripoti yenye makosa. Pale ambapo funksheni haiepukiki, kama kulinganisha barua pepe bila kujali herufi kubwa, tengeneza faharasa ya usemi wenyewe, `ON wateja (lower(barua_pepe))`, na uendeshe `ANALYZE wateja` mara moja ili kipangaji kipate takwimu zake.

Ya pili ni aina za data kutolingana. Kwenye MySQL, `WHERE namba_ya_oda = 10045` ambapo safu ni `VARCHAR` hupitia jedwali lote kimyakimya. Maandishi '10045', '010045' na ' 10045' yote yanageuka kuwa namba ileile, na hayakai pamoja kwenye orodha iliyopangwa kwa herufi, basi faharasa haina la kufanya. Weka alama za nukuu. PostgreSQL kwenye hali hiyo inakataa hoja na kutoa kosa, jambo linaloudhi mwanzoni ila linaokoa.

`LIKE 'abc%'` inaweza kutumia faharasa, `LIKE '%abc%'` haiwezi kutumia mti wa B. Kwenye PostgreSQL hata ile ya kwanza inahitaji faharasa yenye `text_pattern_ops` kama kolesheni (kanuni ya kupanga herufi) ya safu si "C". Kwa utafutaji wa katikati ya neno, kuna kiendelezi cha `pg_trgm`, kinachogawa maneno kwa vipande vya herufi tatu, na faharasa ya aina ya GIN.

Halafu kuna fomu za utafutaji zenye vichujio vya hiari, zinazoandikwa hivi:

```sql
WHERE (:hali IS NULL OR hali = :hali)
  AND (:mteja IS NULL OR mteja_id = :mteja)
```

Inapendeza machoni, lakini mpango mmoja ukitumika kwa michanganyiko yote, hautaweza kutegemea faharasa yoyote. Jenga maandishi ya hoja kwenye programu yako kwa masharti yaliyotolewa tu, thamani zikipita kama vigezo. Thamani usiziunganishe kwenye maandishi, usije ukamfungulia mlango mtu wa kupenyeza SQL yake.

Kuna wakati pia injini inaipita faharasa kwa haki. Sharti likilingana na asilimia 40 ya jedwali, kusoma jedwali moja kwa moja ni nafuu kuliko kuruka huku na huko. Na jedwali la mistari 200 linaenea kwenye kurasa chache, hivyo mpango uliopimwa juu yake haukuambii lolote kuhusu mfumo halisi. PostgreSQL huhesabu ukurasa wa kurukia kuwa ghali mara 4 ya ule wa mfululizo (`random_page_cost`), makadirio ya zama za diski zinazozunguka. Kwenye SSD wengi huishusha hadi 1.1.

Ukiingiza data nyingi kwa mkupuo, endesha `ANALYZE` mwenyewe kabla ya hoja inayofuata. Autovacuum, kazi ya usafi ya PostgreSQL inayojiendesha, husubiri hadi karibu asilimia 10 ya jedwali ibadilike, na hata ikifika huko haiji papo hapo.

Kurasa za mbali za matokeo

`LIMIT 20 OFFSET 100000` hairuki. Inazalisha mistari 100,020, inatupa 100,000 na kukupa iliyobaki. Ukurasa wa kwanza ni mwepesi, wa 5,000 ni mzigo. Badala yake kumbuka mstari wa mwisho uliouonyesha na uanzie hapo:

```sql
WHERE mteja_id = 4127
  AND (iliundwa, id) < ('2024-03-15 10:22:07', 88213)
ORDER BY iliundwa DESC, id DESC
LIMIT 20;
```

`id` ni ya lazima, kwa kuwa oda mbili zinaweza kuundwa ndani ya sekunde ileile na moja ikapotea kati ya kurasa. Faharasa nayo iwe `(mteja_id, iliundwa, id)`. MySQL haitumii vizuri faharasa kwa ulinganisho wa jozi namna hii, kwa hiyo uandike kwa urefu: `iliundwa <= x AND (iliundwa < x OR id < y)`. Unachopoteza ni uwezo wa kurukia ukurasa wa 37 moja kwa moja, na kusema kweli ni nadra mtu kuuhitaji.

Hoja ndogo nyingi

Programu inachukua oda 100, kisha kwa kila oda inaenda kumwuliza mteja wake. Ni hoja 101. Kila moja ikichukua milisekunde 0.2 kwenye hifadhidata na milisekunde 1 njiani, njia pekee imekula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Maktaba za ORM (zinazogeuza msimbo kuwa hoja za SQL) hufanya hivi bila kukuambia, maana msimbo wako unaonyesha `oda.mteja.jina` tu. Washa logi ya SQL wakati wa maendeleo uhesabu hoja za ukurasa mmoja. Tiba ni `JOIN`, au hoja mbili, ya pili ikiwa na `WHERE id IN (...)`.

Usiende upande wa pili kupita kiasi. Kuunganisha oda, bidhaa zake na malipo yake katika hoja moja kunazidisha mistari: oda yenye bidhaa 10 na malipo 3 inarudi mara 30, na `SUM` ya malipo inatoka mara kumi ya ukweli. Ukiona mtu ameongeza `DISTINCT` ili "kuondoa marudio", mara nyingi anaficha jambo hili. Jumlisha kila upande kwanza katika hoja ya ndani, ndipo uunganishe.

Vidogo vinavyofaa kujua

`NOT IN (SELECT ...)` ikikutana na `NULL` moja ndani ya orodha haitarudisha mstari wowote. Tumia `NOT EXISTS`: majibu ni sahihi na kipangaji kina uhuru zaidi. Ukitaka kujua kama kitu kipo, `EXISTS` inasimama kwenye mstari wa kwanza, ilhali `COUNT(*) > 0` inahesabu vyote. `UNION` hupoteza muda kuondoa marudio, `UNION ALL` hapana. `WITH` (hoja ndogo iliyopewa jina) kwenye PostgreSQL ilikuwa ukuta kwa kipangaji hadi toleo la 12 la 2019. Tangu hapo ile inayotajwa mara moja tu huyeyushwa ndani ya hoja kuu, kwa hiyo ushauri wa kuikwepa umepitwa na wakati. `SELECT *` ina ubaya wa namna mbili: hubeba safu za maandishi marefu ambazo zimehifadhiwa kando na lazima zifuatwe, na huzuia injini kujibu kutoka kwenye faharasa pekee.

Ukiona `Sort Method: external merge  Disk:` kwenye mpango, upangaji umefurika kwenda diski. `work_mem`, kikomo cha kumbukumbu ya kupangia, huja ikiwa MB 4. Ipandishe kwa kikao kinachohitaji, `SET work_mem = '64MB'`, si kwa seva nzima: kila hatua ya kupanga ndani ya kila hoja inaweza kuchukua kiasi hicho, na vikao 200 kwa pamoja vinaweza kuimaliza RAM.

Gharama upande wa kuandika

Kila faharasa inapaswa kuguswa kwenye kila `INSERT`. Kwenye PostgreSQL, ukiweka faharasa juu ya safu inayobadilishwa mara kwa mara, kama `iliguswa_mwisho`, unaipokonya injini njia yake nafuu ya kubadilisha mstari ndani ya ukurasa uleule, na faharasa zote za jedwali hupata kipengee kipya. Upande mwingine, PostgreSQL haitengenezi faharasa kwenye safu ya ufunguo wa kigeni (inayorejea mstari wa jedwali jingine), tofauti na InnoDB. Kufuta mteja mmoja kutapitia jedwali zima la oda kama `oda.mteja_id` haina faharasa.

Kwenye mfumo ulio hewani tumia `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, la sivyo uandishi wote kwenye jedwali utasimama hadi imalizike. Haiendeshwi ndani ya muamala (kati ya `BEGIN` na `COMMIT`), na ikikatika njiani inaacha faharasa batili ambayo haisomwi lakini bado inalipiwa kwenye kila uandishi. Ifute ndipo urudie.

Ufutaji mkubwa ugawe kwa mafungu ya elfu chache, kila fungu na muamala wake:

```sql
DELETE FROM logi WHERE id IN (
  SELECT id FROM logi
  WHERE iliundwa < '2023-01-01'
  ORDER BY id LIMIT 5000
);
```

MySQL haikubali `LIMIT` ndani ya `IN`. Huko andika `DELETE FROM logi WHERE ... ORDER BY id LIMIT 5000` moja kwa moja. Rudia hadi idadi iliyofutwa iwe sifuri.

Faharasa zisizotumika utazipata kwenye `pg_stat_user_indexes`, palipo na `idx_scan = 0`. Kabla ya kuzifuta kagua mambo mawili: kama inalinda upekee, ina kazi hata isiposomwa, na kama una seva nakala zinazojibu hoja za kusoma, angalia hesabu za huko pia, kwa sababu kila seva huweka zake.